Spaiksi za mita 100 kwenye mbio za mita 800

Mzunguko wa mwanzo aliumaliza kwa sekunde 68. Aliyekuwa akishika saa pembeni yangu, pale jukwaani uwanja wa Amaan, Unguja, alinigeukia akacheka: "Mwalimu, huyu wako leo anaondoka nayo." Mie sikucheka. Binti huyu kwetu Konde, Pemba, kwa nyayo tupu, hajapata kupita mzunguko wa mwanzo chini ya 73. Nikamwangalia anavyoingia kona ya tatu, mabega yamepanda hadi masikioni, nikajua kuna jambo.

Mzunguko wa pili ulimchukua sekunde 93. Jumla dakika 2 na sekunde 41, wa saba kati ya tisa, wakati nyumbani alikuwa akikimbia 2:31. Alipovuka mstari hakuanguka kama wanavyoanguka waliochoka. Alikaa chini taratibu, akavua kiatu cha kushoto na kukitupa kwenye majani. "Mwalimu, muundi waniuma. Hapa, kwa ndani."

Watu tuliosafiri nao kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Boti, kwa kuwa upepo ulikuwa wa kusi na bahari ilichafuka tangu tunatoka Mkoani. Woga wa uwanja mkubwa. Misumari ya viatu, kwa kuwa kila mtu aliona ile rabsha yetu kabla ya mbio. Mzee mmoja alisema ni kijicho, na mimi sikumbishia. Lakini mbio za mita 800 huacha alama, na mtu akiamua kuzifuata atafika mahali.

Nianze na viatu vyenyewe. Msimu wa karafuu binti alichuma kwa pishi pamoja na shangazi zake, akajiwekea akiba. Kaka yake anayefanya kazi mjini Unguja akamtafutia spaiksi, yaani viatu vya mbio vyenye misumari, kwenye mitumba ya Darajani kwa shilingi 35,000. Muuzaji aliziita "njumu za kukimbilia", na hakukosea sana. Spaiksi zinazotua kwenye marobota ya mitumba huchanganyika na njumu za mpira na viatu vya gofu, na wauzaji wengi hawajui tofauti. Ndiyo maana bei huwa nzuri, na ndiyo maana mnunuzi lazima ajue yeye. Viatu hivi vilikuwa na rangi ya chungwa, vyepesi hata ukivibeba kwa kidole hujui kama umebeba kitu, na vina matundu saba ya misumari mbele kila kimoja. Vilipofika Konde skuli nzima ilikuja kuvitazama. Na mimi, ambaye ndiye mwalimu, nilivigeuza, nikasifu, nikamrudishia.

Hapo ndipo kosa langu la kwanza. Niliangalia kama ni spaiksi. Sikuangalia ni spaiksi za nini.

Siku ya mashindano, kiasi cha nusu saa kabla ya mbio, mkaguzi alivichukua akapima misumari. Ilikuwa ya milimita 12, mirefu na myembamba kama sindano. Kwa kanuni za dunia, kwenye uwanja wa tatani, yaani wa zulia la mpira, msumari usitokeze zaidi ya milimita 9. Milimita 12 ni ruhusa ya mruka juu na mrusha mkuki tu. Kiwanja cha udongo au majani kinaruhusu hadi 25. Na kila mwenye uwanja ana haki ya kupunguza zaidi kulinda zulia lake, ndiyo maana utakuta viwanja vinavyotaka 6 au 7. Si ukorofi. Lile zulia la mpira lina unene wa milimita 13 hivi, na msumari wa 12 karibu unagonga lami iliyo chini yake. Mkaguzi akasema kwa upole, "Badilisha, au akimbie pekupeku."

Nikaazima spana ndogo ya T na misumari ya milimita 6 kwa mwalimu wa timu nyengine, nikapiga magoti kwenye saruji ya ukumbini. Kiatu cha kulia kilitoka vizuri. Cha kushoto, misumari mitano ikatoka na miwili ikagoma. Kutu iliyochanganyika na udongo wetu mwekundu ilikuwa imeganda kwenye nyuzi za skrubu kama simenti. Spana ikazunguka hewani, kwa sababu ile mikato inayoshikwa na spana ilishalika. Nikaomba koleo. Msumari mmoja ukalia kidogo, ukatoka. Wa pili, ule wa chini ya dole gumba, ukakatika na kipande kikabaki ndani ya tundu. Nikakipiga tupa kikawa sawasawa na bamba, ile soli ngumu inayoshika misumari, wakati huo binti amesimama juu yangu na soksi, anasikia majina yanaitwa. Kabla ya kumvisha nilipapasa soli kwa kiganja. Kulia saba. Kushoto sita, na chini ya dole gumba, mahali pa kusukumia ardhi, ni utelezi mtupu.

Sasa mtu akisoma hapo atasema kisa kimekwisha, misumari ndiyo iliyomponza. Mimi mwenyewe niliamini hivyo kwa siku mbili. Kilichonibadilisha ni video.

Kijana mmoja wa timu yetu alikuwa amerekodi mbio zote kwa simu. Usiku wa pili tukaitazama polepole, tukisimamisha kila hatua. Mguu wa kushoto hauonekani kuteleza hata mara moja. Hata kwenye kona, ambako mguu wa kulia husukuma zaidi na wa kushoto huwa ndio ekseli, hatua zake zinalingana. Tatani kavu hushika hata soli ya raba, seuze bamba lenye misumari sita. Ilimvuruga akili kabla ya kuanza, hilo nakubali, na mtu anayepelekwa mstarini akiwa na moyo juu hutoka kwa kasi asiyoipanga. Lakini sekunde 25 za tofauti baina ya mzunguko wa kwanza na wa pili haziletwi na msumari mmoja.

Boti pia tuliiondoa. Tulifika siku mbili kabla, alikula, alilala, na asubuhi ile mapigo yake ya moyo yalikuwa yale yale ya nyumbani.

Kilichoonekana kwenye video ni visigino. Mzunguko wote wa kwanza visigino havigusi chini. Anakimbia kwa ncha za vidole kama mtu anayekimbia mita 100, na kweli anapendeza kumtazama. Kufika kiasi cha mita 520, upande wa mbali wa jukwaa, visigino vinaanza kushuka. Na kila kikishuka, goti linatingishika na hatua inafupika. Mita 600, shavu la mguu wa kushoto limeshakaza. Kutoka hapo si mbio tena.

Asubuhi yake nikaviweka vile viatu mezani pamoja na raba ya mazoezi, nikafanya nilichopaswa kufanya Konde. Nilishika ncha na kisigino cha kiatu nikajaribu kukikunja. Hakikunjiki. Bamba ni gumu, linatoka vidoleni hadi karibu na kisigino, na mbele limepinda juu kama omo ya ngalawa. Kisigino chenyewe ni kitambaa na kipande cha sponji chembamba kuliko ndara. Hizi ni spaiksi za mbio fupi, za mita 100 na 200. Zimetengenezwa kwa mtu ambaye kisigino chake hakitagusa ardhi tangu mlio wa bastola hadi mwisho, na ambaye atamaliza kabla shavu la mguu halijajua limefanyiwa nini. Ugumu wa bamba unaurefusha mguu kama wenzo: kila ukisukuma, unapata zaidi, lakini malipo yanatoka kwenye shavu la mguu na ukano wa kisigino. Kwa sekunde 12 au 13 ni biashara nzuri. Kwa dakika mbili na nusu ni deni.

Na ndiyo hiyo iliyomletea sekunde 68. Aliniambia baadaye kwa maneno yake: "Vilikuwa vyanisukuma, mwalimu. Niliona sikimbii, nakimbizwa." Mtu aliyezoea kujua kasi yake kwa jinsi nyayo zinavyopiga udongo, ukimtoa kwenye udongo na nyayo kwa siku moja, saa yake ya ndani inapotea. Kwetu mtoto akitangulia tangu mwanzo watu humpigia kelele "Bayi! Bayi!", kwa sababu Filbert Bayi mwaka 1974 kule Christchurch aliongoza mita 1500 tangu mwanzo hadi mwisho na kuweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Wanasahau kwamba Bayi alikuwa anajua anachokifanya.

Kuna jambo jengine nililigundua tuliporudi, na linaniaibisha kuliko yote. Kiwanja chetu kilipimwa kwa kamba, miaka mingi nyuma, na watu ambao hawapo tena. Nilipopata kamba ya mafundi ya mita 50 nikakizunguka na vijana wawili, mzunguko ukatoka mita 388. Kwa hiyo ile 2:31 ya nyumbani ni ya mita 776. Ukiipeleka kwenye 800 kamili, ni karibu 2:36. Na ile 73 ya mzunguko wa mwanzo ni 75 na ushei. Maana yake siku ya Amaan hakutoka sekunde tano mbele ya kasi yake, bali saba. Kwenye mita 800 hakuna anayelipa saba na kubaki na kitu.

Kosa la tatu lilikuwa la mazoea. Kabla ya safari alizivaa spaiksi mara mbili tu, na mara zote kwenye kiwanja chetu wakati wa kiangazi. Anayekijua kile kiwanja anajua kwamba udongo ule, jua likishaukausha, msumari hauingii. Sindano za milimita 12 zisipoingia, mkimbiaji anasimama juu yake kama juu ya mawe saba madogo, na kila jiwe linasukuma bamba linasukuma mfupa. Nina hakika muundi ulianza kuchokozeka hapo, si Amaan. Misumari mirefu ina kazi yake: majani mabichi, udongo wa masika, mbio za nyika. Kwenye udongo mkavu kama ule, raba ni bora kuliko spaiksi yoyote.

Mtaalamu wa viungo alimpapasa mguu, akamrukisha kwa mguu mmoja, akauliza kama unauma usiku. Hauumi. Maumivu yalikuwa yametanda kwenye urefu wa shubiri nzima, upande wa ndani wa muundi kwa chini. Akatueleza kwamba yangekuwa mahali pamoja pa kuonyesha kwa ncha ya kidole, au yangekuwa yakimwamsha usiku, angempeleka kwenye picha kwanza, maana huenda mfupa una ufa. Kwa hali ile alimpa wiki tatu za kutokimbia, na kupanda na kushuka kwa visigino kwenye ngazi, asubuhi na jioni.

Nilikwenda kwao kumweleza mama yake. Alinikaribisha, akaniletea chai, akanyamaza mpaka nilipomaliza. Kisha akasema, "Sasa mwalimu, mwana kashinda mwaka mzima kwa nyayo zake. Hivyo viatu vilikuwa vya nini?"

Swali la haki kabisa, na jibu lake si fupi. Kanuni zinaruhusu kukimbia pekupeku, hata kwa kiatu kimoja. Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mguu uliokua pekupeku ni mguu wenye nguvu, vidole vimetanuka, na nilimwambia mama kwamba hiyo ni mali, sitaki aipoteze. Ila mita 800 huanza kila mtu na njia yake, na baada ya kona ya mwanzo wote wanaingia ndani kugombania mstari mmoja. Hapo nyayo tupu ziko baina ya viatu vinane vya misumari. Zola Budd alikimbia pekupeku fainali ya mita 3000 ya Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, na spaiksi za mpinzani wake Mary Decker zilimchana mguu kwa nyuma akatoka damu. Huyo alikuwa bingwa, na wakimbiaji wenzake walikuwa mabingwa. Watoto wetu wanapokanyagana ni zaidi.

Raba basi? Raba nyepesi inafaa, na kwa mtoto anayeanza nisingemtaka avae kingine. Lakini zile za barabarani za siku hizi zenye soli kama mto haziruhusiwi kwenye mashindano ya kanuni za dunia: tangu tarehe 1 Novemba 2024 soli ya kiatu cha uwanjani haitakiwi kuzidi milimita 20 kwa mbio zote, wakati kabla ya hapo mita 800 na kuendelea ziliruhusiwa 25. Mama alisikiliza, akasema, "Haya. Lakini safari hii vitazame wewe." Nikasema inshallah, nikanywa chai iliyopoa.

Wiki ya nne tulianza mazoezi pwani ya Vumawimbi. Gari ya mwenzetu mmoja ilitupitisha msitu wa Ngezi alfajiri, maji yamekupwa, mchanga wa pwani umeshikana na una unyevu. Pekupeku, dakika kumi, polepole. Hapa niseme kitu ambacho wengi hawakizingatii: pwani imeinama. Ukienda upande mmoja tu, mguu wa baharini uko chini na wa nchi kavu uko juu, na muundi unarudi kuuma. Kwa hiyo kila dakika tano kwenda, dakika tano kurudi kwenye mstari ule ule.

Jozi mpya ilichukua muda. Mtu wetu Dar es Salaam alizunguka mitumba ya Karume akinitumia picha za soli, na mimi nikikataa moja baada ya moja. Zenye misumari ya kisigino: hizo ni za mkuki au za kuruka juu, mwache nazo. Zenye bamba hadi nyuma: nilishapewa somo. Jozi ya sita ndiyo. Bamba linaishia katikati ya wayo, kisigino kina sponji iliyoinuka kidogo kuliko mbele, kiatu kinakunjika mbele ukikibonyeza, misumari sita. Binti alizijaribu jioni, mguu ukiwa umevimba na mazoezi, bila soksi, dole gumba likiwa na nafasi ya upana wa ukucha. Zile za chungwa, niligundua tu baada ya kuvua soksi yake Amaan, zilikuwa zimembana ubavuni hadi kidole kidogo kikatoka lengelenge. Zimetengenezwa kwa mguu mwembamba, na mguu wake umetanuka kwa kutembea pekupeku tangu utotoni.

Misumari tukachagua ya piramidi, milimita 6. Hii haichomi zulia sana kama sindano. Kabla ya kuifunga, kila uzi wa skrubu nikaupaka mafuta ya mgando. Kwetu hewa ina chumvi, ukiacha chuma mwezi mmoja kinaota. Sasa kila baada ya mazoezi misumari inatoka, inapanguswa, kiatu kinaanikwa kivulini. Kazi hiyo anaifanya mwenyewe, na ameikamata vizuri kuliko nilivyotarajia.

Kuzizoea kulichukua wiki sita. Mara mbili kwa wiki, mwishoni mwa mazoezi, kwenye kiwanja cha majani na si kwenye udongo: mita 60 mara nne, basi. Wiki ya tatu mita 100 mara sita. Kisha 200 kwa kasi ya mbio, nikimsomea saa kwa sauti ili sikio lijifunze kile nyayo zilichokuwa zikijua. Wiki ya mwisho mita 500 mara moja, na hapo nilikuwa naangalia visigino tu. Vilishuka, vikakuta sponji, vikaendelea.

Tulirudi Amaan. Mzunguko wa mwanzo 75. Wa pili 78. Alikuwa wa nne, 2:33, na wale watatu wa mbele walikuwa wakubwa kwake kwa miaka miwili au zaidi. Wenzake walisikitika kwamba hakuifikia 2:31. Nikawakumbusha kamba ya mita 50.

Zile za chungwa hazikutupwa. Tuna kijana wa mita 100, mguu wake mwembamba kama wa korongo, zimemkaa kana kwamba zilikatwa kwake. Misumari tumeifunga ya 6, saba kulia na sita kushoto. Kipande kilichokatika bado kimo. Nimekitilia mafuta ya nazi, nimekitilia mafuta ya taa, fundi baiskeli wa Konde amekijaribu kwa keekee akaacha alipoona bamba linaanza kuyeyuka.